Ndoo Iliyochemka Bila Moto

Kijiwe chetu kiko pale barabara inapokata kona, kati ya meza yangu ya kushonea viatu na geti la karakana ya Fundi Faiba. Benchi ni moja tu, refu, la mbao, na upande mmoja limelegea, kwa hiyo anayekaa huko huambiwa asicheke sana. Kahawa ni ya Bi Birika. Anammiminia yeyote, ila ana jicho moja la kukutazama ambalo likikupata hutaki tena kikombe cha pili. Hapa hatuitani kwa majina ya kuzaliwa. Kamanda alikuwa mlinzi wa maghala mpaka akastaafu, na kustaafu hakukumwingia kichwani. Kutwa analinda mtaa mzima akiwa amekaa. Maabara anafundisha kemia sekondari na hupita akitoka kazini, koti lina vumbi la chaki. Mimi naitwa Soli. Ukitaka kujua nani ameiba, nani ameachwa na nani amerudiwa, njoo benchini, utapewa jibu kabla hujamaliza kuuliza. Kama jibu lenyewe ni la kweli, hiyo ni habari nyingine.

Wiki hii jibu lililotafutwa lilikuwa la ndoo. Fundi Faiba anatengeneza matangi ya maji na masinki. Anatandika kitambaa cha nyuzi za kioo juu ya kalibu, lile umbo linalolipa tangi sura yake, anakipaka rezini, ule uji mzito unaonuka hadi mezani kwangu, na rezini ikishatiwa dawa inaganda ngumu kama jiwe. Juzi alikuwa anamalizia tangi la zahanati. Ghafla ndoo nzima ya rezini ikachemka yenyewe mle karakanani, hakuna jiko wala kiberiti, ikafuka moshi mweupe, ikapasuka. Kalibu ikaharibika, tangi likaharibika, na zahanati wakaipeleka kazi kwa fundi wa mtaa wa pili.

Sasa sikilizeni mahali penyewe palipowasha ndimi. Moshi ulipotoka, Fundi alikuwa hapa hapa benchini, kikombe mkononi. Mle ndani alibaki mtu mmoja tu, shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuja kujifunza kazi. Tulimwona akitoka mbio na ile ndoo inayofuka, akaitupa barabarani. Tangu siku hiyo mikono yake imefungwa bendeji mpaka juu ya viganja. Fundi amemwambia arudi kwao. Na jioni hiyo ninayoisimulia, begi lilikuwa limeshatolewa nje, na yule kijana wa watu amelikalia pale getini, anasubiri gari. Alikuwa mbali kiasi kwamba tungepunguza sauti asingesikia. Hatukupunguza sana.

— Mimi sisemi kitu, alianza Kamanda, na hapo tukajua atasema mpaka kahawa ipoe. — Nauliza tu. Ndoo inachemkaje bila moto?

— Ni dawa, nikamwambia. — Si wanatia dawa ya kugandishia?

— Dawa inatiwa kila siku, Soli. Mbona kila siku hazichemki?

Nikakosa la kujibu, nikapiga msumari kwenye kisigino cha mteja. Kamanda hupenda sana mtu akose la kujibu. Huona kama ameshamtia pingu.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. — Nani alikuwa ndani? Mmoja. Nani ameungua mikono? Huyo huyo. Mwizi wa asali hujulikana kwa vidole.

Methali ya asali sijui aliitoa wapi. Fundi alikuwa amekaa upande ule uliolegea, ameinamia kikombe chake. Hakukubali wala hakukataa. Tulidhani ni uchungu wa tangi, tukamwachia.

Bi Birika ndiye aliyemgeukia Maabara. Alimwambia yeye amesoma hayo mambo, basi aseme, kuna nini ndani ya uji ule hata uchemke wenyewe. Maabara hahitaji kubembelezwa. Alitoa kipande cha chaki mfukoni, akachora kwenye ubao wa benchi, katikati ya mapaja yangu na ya Kamanda, pete yenye pembe sita.

— Rezini ya Fundi ina kitu kinaitwa stairini. Hii pete ni kaboni sita. Kila pembe ina hidrojeni yake. Sasa hapa, kwenye pembe moja, hidrojeni imetolewa, na mahali pake kimepachikwa kikundi kingine. Kidogo tu, kaboni mbili na hidrojeni tatu. Kinaitwa vinili.

— Subiri, akasema Kamanda. — Mwenye nafasi ametolewa, amewekwa mwingine?

— Ndiyo. Kimechukua nafasi ya hidrojeni.

— Endelea. Taratibu.

Maabara akachora mistari miwili kati ya zile kaboni mbili. Akaeleza kwamba hapo ndipo penye mambo. Kaboni mbili zingeweza kushikana kwa mkono mmoja zikatulia. Hizi zimeshikana kwa mikono miwili. Ndiyo maana kikundi cha namna hiyo huitwa kisichoshiba: ule mkono wa pili hautulii, uko tayari kuachia ukamshike jirani. Dawa kazi yake ni kuwachokoza wachache tu. Wa kwanza akimshika wa pili, wa pili anamshika wa tatu, na hivyo hivyo, mpaka ndoo nzima imekuwa kitu kimoja.

— Na kila wanaposhikana hutoka joto, alisema Maabara. — Sasa rezini ikiwa nyingi, imerundikana mahali pamoja, imekaa tu...

Hapo alimtazama Fundi. Fundi hakuinua uso. Maabara akafuta chaki kidoleni, akachukua kikombe chake, akanywa. Nilidhani amemaliza somo.

Kamanda hakusubiri. Alikuwa ameshapata alichokuwa anakitafuta.

— Jamani, hamkusikia? Mtu katolewa, kawekwa mwingine. Aliyewekwa ni mdogo, lakini kajipachika kwenye ukoo mkubwa. Hashibi. Na mkono wake mmoja uko wazi unatafuta jirani wa kumshika. Mwalimu, umenichorea shemeji.

Nilicheka, na benchi likalia. Naungama ilinichekesha. Kabla ya shemeji huyu, Fundi alikuwa na msaidizi mwingine, akaondoka, na mkewe akamleta mdogo wake. Ukiyaweka hivyo, hata mimi niliona yanafanana.

— Hiyo ni molekuli, Kamanda, akasema Maabara. — Haina nia.

— Hata yeye hujamfungua kifua ukaona nia yake.

Basi kutoka hapo hatukushikika. Kamanda alisema yule kijana alizidisha dawa makusudi ili karakana ife, Fundi akate tamaa, naye airithi. Nikamuuliza anairithije karakana iliyokufa. Akanijibu kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa hiyo Fundi hakupona. Maana yake sikuipata, lakini aliisema kwa uzito mkubwa, na mtu wa kahawa moja kama mimi hana nguvu za kupambana na uzito.

Bi Birika akauliza hiyo vinili kama iko kwenye rezini peke yake. Afadhali asingeuliza. Maabara, ambaye tangu alipomtazama Fundi alikuwa amepooza, alichangamka kama aliyeokolewa. Akasema vinili ipo kila mahali. Ikipachikwa kwenye klorini, ndiyo malighafi ya mabomba ya maji haya ya plastiki. Vitambaa vya meza vinavyopanguswa kwa tambara, vinili. Hata soli nyingi ninazozishona mimi, vinili.

Kamanda aliweka kikombe chini.

— Yaani wako nyumba zote?

— Hao wa kwenye mabomba wameshashikana, wamekuwa mnyororo. Hawana tena mkono wa kumshika mtu.

— Ndivyo wanavyosema wote wakikamatwa.

— Kamanda, ni mabomba.

— Mimi nimelinda maghala miaka mingi, Mwalimu. Mali haikuwahi kuibwa na mtu aliyekuwa nje.

Aliyatazama mabomba yanayopita kwenye ukuta wa karakana kwa namna ambayo ningekuwa bomba ningejieleza. Kisha akamwuliza Maabara, kwa sauti ya upelelezi, kama kuna vikundi vingine vya namna hiyo, ndugu zake vinili. Maabara akasema wapo. Yupo mmoja anaitwa alili, ana kaboni tatu, na ule mshiko wa mikono miwili uko mwishoni. Huyo yumo kwenye kitunguu saumu, ndiye anayesababisha ile harufu.

Kamanda alikuna kidevu. Ukimwona anakuna kidevu ujue linakuja kubwa.

— Soli. Siku ile, yule alikula nini mchana?

— Mimi nitajuaje?

— Nilipita getini. Alikuwa ananuka kitunguu saumu.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo vinili yumo ndooni, alili yumo mdomoni. Ndugu kwa ndugu. Yule anainama anakoroga, anapumua. Wakaitana. Damu nzito kuliko maji.

Maabara alisema pumzi ya kitunguu haiwezi kuchemsha ndoo, lakini alilisema kwa ulegevu, kama mtu anayesahihisha daftari la mwisho jioni. Kamanda akasonga mbele. Sasa haikuwa tena habari ya kurithi karakana. Kijana alikuwa ametumwa. Na nani? Na fundi wa mtaa wa pili, aliyeipata kazi ya zahanati. Kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Na ile mikono kuungua? Hiyo ilikuwa ya kuigiza, ili aonekane shujaa.

— Mtu ajichome viganja vyote viwili kwa kuigiza? aliuliza Bi Birika.

— Ndiyo maana ni mtaalamu.

Nikatazama getini. Kijana alikuwa amejaribu kukuna shavu kwa mkono uliofungwa, bendeji ikawa haikuni, akaegemeza shavu begani akajisugua hapo. Alikuwa anaangalia barabara upande gari linakotokea. Roho iliniuma kidogo, sisemi uongo. Lakini mazungumzo yalikuwa matamu, na utamu wa mazungumzo ni kama utamu wa usingizi wa asubuhi, unajua unapaswa kuondoka na huondoki.

Nikaona nitoe neno la kumsaidia, nikasema pengine ni bahati mbaya tu. Kamanda akaniuliza kwa upole nani basi alikuwa ndani. Nikasema shemeji. Akaniuliza Fundi alikuwa wapi. Nikasema hapa. Tulikuwa naye sote. Akafungua mikono, kana kwamba amenikabidhi hukumu tayari imepigwa muhuri.

— Sisi ndio mashahidi wake, akasema. — Mtu aliyekuwa mbele ya macho yetu hawezi kuwa ndiye. Fundi, wewe lala usingizi. Benchi zima linakushuhudia.

Fundi alisema kitu kidogo, nadhani ni asante. Akainua kikombe, kahawa ikamwagika kidogo kwenye suruali, asiipanguse.

Ndipo alipokuja mkewe. Mwanamke huyu tangu tumjue hakuwahi kusimama kijiweni kwetu. Hupita, husalimia kwa mbali, huenda zake. Siku hiyo alitokea ndani ya geti, akampita mdogo wake bila kumwambia neno, akavuka akaja mpaka mbele ya benchi. Alimwamkia Kamanda shikamoo, akatuambia sisi wengine habari za jioni. Kamanda akamkaribisha kahawa. Akasema hanywi, ana swali moja, halafu anarudi ndani.

— Karibu mama, uliza, akasema Kamanda. — Hapa hakuna swali linalolala na njaa.

Hakumtazama mumewe. Alitutazama sisi.

— Nataka kujua jambo dogo tu. Alipokuja kukaa na ninyi hapa siku ile, dawa alikuwa ameshaitia kwenye ndoo, au bado?

Hakuna aliyejibu. Na mimi niwaambie kwa nini, msije mkadhani swali lilikuwa gumu. Mtaa mzima tunaijua sheria ya Fundi Faiba, maana huwatangazia wateja wote. Rezini huchanganywa kidogo kidogo, kwenye kopo, kiasi cha kupaka mara moja. Dawa huitia yeye mwenyewe, haimwachii mtu. Na ikishaingia hakuna salamu, hakuna simu, hakuna kwenda kujisaidia, mpaka kopo liishe. Na siku ile, kwa kuwa zahanati walikuwa wanamharakisha, alisema amechanganya ndoo nzima na dawa yake kwa mpigo mmoja. Hilo alilisema yeye mwenyewe, hapa, akiwa amesimama, na brashi mkononi. Alikuja kumlipa Bi Birika kikombe cha asubuhi, kisha aondoke. Sisi tulikuwa katikati ya ubishi kama nyoka ana shingo au hana. Tukamwambia wewe ni mtu wa maumbo, tuamulie. Akasema ana kazi inayomsubiri. Mimi, Soli, nilimshika mkono wa shati nikamketisha. Kamanda akamwagizia kahawa. Maabara akachora nyoka.

Mkewe alisubiri. Alikuwa na subira ya mtu aliyeshalia akamaliza.

— Mume wangu amenijibu kuwa hakumbuki, akasema. — Ndiyo maana nimekuja kwenu. Nasikia ninyi mlimwona.

Nilimtazama Maabara nikitegemea aseme lolote la kitabuni, tupate pa kujificha. Alikuwa amekunja ngumi, kipande cha chaki kimesagika ndani yake.

— Rezini nyingi ikiwa na dawa, ikiachwa imekaa ndooni, joto halina pa kutokea, alisema, kwa sauti ya chini mno. — Inajichemsha yenyewe. Haihitaji mtu.

— Umelijua lini hilo, Mwalimu?

— Siku ile ile.

Mwanamke alitikisa kichwa polepole. Hakumtukana. Ningependelea amtukane, na sisi pamoja naye.

— Mdogo wangu hakujua hata jina la hiyo dawa, akasema. — Aliona moshi, na pembeni ya ndoo kuna madumu ya tina, ile ya kuoshea brashi, inayoshika moto upesi. Akaogopa nyumba itaungua na watoto wenu wanacheza hapo nje. Akaibeba. Aliporudi ndani hakusema kitu, kwa sababu aliyemwambia ameharibu ni shemeji yake, na shemeji habishiwi.

Akageuka, akarudi getini, akaingia ndani. Kamanda alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuipata. Aliyakazia macho mabomba ukutani, kisha akayaacha.

Fundi aliinuka. Benchi likanyanyuka upande wake likarudi kwa kishindo, sote tukayumba. Aliweka kikombe chini akaenda, hatua za mtu mzito, akavuka mpaka kwa yule kijana. Sisi tulinyoosha masikio. Kazi yetu ni hiyo.

Kijana alipomwona anakuja aliinuka upesi. Akapitisha mpini wa begi kwenye kiwiko, kwa kuwa viganja havikamati.

— Naondoka, shemeji, alisema. — Gari linakuja sasa hivi.

Fundi akanyoosha mkono kwenye begi. Nadhani alitaka kumpokea. Ninaamini hivyo, na nimeliwaza sana. Lakini kijana alikuwa amekaa pale jioni nzima akitusikia. Akaliweka begi chini, akapiga goti, akashika zipu kwa meno akaivuta mpaka mwisho.

— Pekua tu, shemeji. Sijachukua kitu chenu.

Fundi alisimama pale na mkono wake ukiwa umenyooka. Ndani ya begi kulikuwa na nguo zilizokunjwa vizuri na sabuni ndani ya soksi. Niliziona kutoka nilipokaa.

Kamanda, bila kumtazama mtu, akasukuma kikombe chake mbele kuomba kingine.

— Kahawa imekwisha, akasema Bi Birika.

Akalibeba birika kwa mikono miwili, kwa kuwa lilikuwa zito, akaenda nalo zake.